Kabla ya kulipia gari kuukuu: soma oili inayovuja na taa za onyo

Mfanyabiashara mdogo anayenunua gari lililotumika kwa ajili ya teksi, pikapu ya mizigo au basi dogo la abiria hununua vitu viwili kwa bei moja: bodi na injini. Bodi huonekana kwa macho, na ndiyo ambayo madalali huisafisha na kuipiga rangi. Injini imefichika, lakini ndiyo inayoleta fedha. Ikinoki mwezi wa pili baada ya gari kununuliwa, mtaji wote husimama juu ya mawe huku mkopo ukiendelea kudai marejesho.

Soko la magari haya lina historia yake. Mwaka 1984 Tanzania iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo usukani wake uko kulia kama inavyotakiwa hapa, yaliingia kwa wingi. Siku hizi gari lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada linapoingizwa nchini, na Kenya imeweka kikomo cha miaka 8 kwa magari yanayoagizwa. Hivyo basi, mwenye mtaji mdogo mara nyingi huangukia gari lililokwisha kuingia zamani, mathalani Toyota Corolla au Hiace ya miaka ya 1990, ambalo limeuzwa na kuuzwa tena. Gari la namna hiyo laweza bado kufanya biashara nzuri. Sharti ni mnunuzi ajue kusoma dalili mbili zinazosema mengi kuliko maneno ya muuzaji: oili na taa za dashibodi.

KAZI YA OILI

Ndani ya injini vyuma husuguana mara maelfu kwa dakika. Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu chini ya injini, huipitisha kwenye filta, kisha huisukuma kwa presha hadi kwenye beringi za krenki na sehemu za juu za valvu. Oili hutenganisha chuma na chuma, hupunguza joto na hubeba uchafu. Injini ya Corolla ya sisi 1,500 au 1,600 hutumia karibu lita 3 tu. Ikipungua lita moja na nusu, imebaki nusu. Ndiyo maana kuvuja kunakoonekana kudogo ni jambo la fedha.

KUPIMA KABLA YA KUPIGA STATA

Mnunuzi anashauriwa kumwomba muuzaji asiwashe gari kabla ya yeye kufika. Injini iliyokwisha kupashwa joto huficha moshi wa asubuhi, huficha mlio wa kuanzia na huficha ugumu wa kuwaka.

Gari likiwa mahali tambarare, vuta kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kisha kivute tena. Kati ya alama ya chini na ya juu huwa kuna takriban lita moja katika magari mengi madogo. Oili nyeusi si kosa lenyewe. Ni oili iliyofanya kazi. Kosa ni oili iliyo chini ya alama, kwa sababu inaonyesha kuwa mwenye gari hana desturi ya kupima. Oili mpya kabisa, safi kama asali, nayo iulizwe: imebadilishwa lini, na kwa nini juzi?

Fungua mfuniko wa kujazia oili na utazame upande wake wa ndani. Ute mzito mweusi kama lami ni ishara ya oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Ute wenye rangi ya chai ya maziwa ni ishara kwamba maji yamechanganyika na oili, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya silinda hedi kuungua au hedi kupinda baada ya gari kuchemsha. Fungua pia rejeta, injini ikiwa baridi tu, uone kama juu ya maji kuna mafuta yanayoelea. Ukikuta maji kwenye oili au oili kwenye maji, bei iliyotajwa si bei tena.

TONE CHINI YA GARI

Njia rahisi ya kupima uvujaji ni kutandika boksi la karatasi lililofunguliwa, au magazeti, chini ya injini usiku kucha. Asubuhi tazama mahali palipodondoka na rangi ya tone:

Kahawia au nyeusi, chini ya injini: oili ya injini.

Nyekundu: mara nyingi ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki au ya stelingi ya pawa.

Nzito, yenye harufu kali ya kiberiti: oili ya giaboksi ya kawaida au ya difu.

Nyepesi na angavu au ya manjano hafifu, karibu na gurudumu au chini ya pedali: mafuta ya breki. Gari hilo lisiendeshwe kabla ya kutengenezwa.

Kijani au nyekundu, nyepesi kama maji, yenye harufu tamu: maji ya rejeta yenye dawa.

Maji matupu upande wa abiria, baada ya kiyoyozi kufanya kazi: si tatizo.

Kosa la wanunuzi wengi ni kuamini kuwa oili inavuja pale inapodondokea. Gari likitembea, upepo husukuma oili nyuma, na uzito wake huivuta chini. Oili iliyotoka juu kabisa ya injini huweza kudondoka mwanzoni mwa giaboksi, na fundi mwenye haraka akashusha giaboksi bila sababu. Kanuni ni kutafuta kutoka juu kwenda chini, na kutoka mbele kwenda nyuma. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo inayoshukiwa kwanza. Kama injini yote imelowa na kushika vumbi, ioshwe, gari litembezwe kilomita 20 au 30, kisha itazamwe tena.

Mahali panapovuja mara nyingi katika gari la miaka mingi ni hapa:

Gasketi ya kava ya valvu, juu ya injini. Mpira wake hukauka kwa joto na kuwa mgumu kama plastiki. Oili hutiririka ubavuni, na ikigusa manifoldi ya ekzosi huleta harufu ya kuungua na moshi chini ya boneti. Katika baadhi ya injini huingia pia kwenye visima vya plagi, na gari huanza kukosa moto. Hii ni kazi ndogo.

Ringi ya mpira ya distribyuta, swichi ya presha ya oili, filta na nati ya kumwagia oili. Zote ni kazi ndogo, lakini mafundi wengi huzisahau kwa kukimbilia sili kubwa.

Sili ya mbele ya krenki na sili ya kemshafti. Hapa hasara ni ya pili yake: oili ikilowesha taiming belti ya mpira, belti huharibika kabla ya wakati. Sili hizi zibadilishwe pamoja na belti, kwa kuwa gharama ya kufungua ni ileile.

Sili ya nyuma ya krenki, kati ya injini na giaboksi. Sili yenyewe ni ya bei ndogo. Ghali ni kushusha giaboksi. Katika gari la gia za mkono oili hiyo huweza kufika kwenye klachi, nayo ikaanza kuteleza. Giaboksi ikishushwa kwa sababu ya klachi, sili hii ibadilishwe hapo hapo.

Kuna jambo moja ambalo huwala watu fedha mara mbili. Injini ina valvu ndogo ya kupumulia, inayorudisha gesi kutoka chini ya pistoni kwenda kuchomwa tena. Ikiziba kwa ute, gesi hukosa njia, presha hupanda ndani ya injini na oili husukumwa nje kupitia kila sili iliyo dhaifu. Mwenye gari hubadilisha sili, na baada ya miezi michache inavuja tena. Kwa hiyo valvu hiyo na hozi yake zisafishwe au zibadilishwe kwanza. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa.

KUVUJA SI KULA

Gari laweza kupunguza oili bila tone hata moja kuonekana chini. Hapo injini inakula oili, yaani inaichoma. Dalili iko kwenye moshi wa bluu. Ukitoka kwa wingi gari linapowashwa asubuhi kisha ukaisha, sili za valvu zimechoka. Ukitoka wakati wote gari linapovuta mzigo au kupanda mlima, ringi za pistoni zimekwisha. La kwanza linavumilika kwa muda. La pili lina maana ya kufungua injini.

Jaribio moja zaidi: injini ikiwa inaunguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili. Hewa kidogo ni ya kawaida. Moshi unaotoka kwa kusukuma kama pumzi ya mtu aliyekimbia, huku valvu ya kupumulia ikiwa safi, ni ishara ya ringi mbovu.

TAA ZINASEMA NINI

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya oili, ya betri na ya cheki injini lazima ziwake, na za breki za ABS na mifuko ya hewa pia kama gari linavyo vitu hivyo. Ni jaribio la balbu. Injini ikiwaka, zote zizime ndani ya sekunde chache, isipokuwa ya hendibreki kama imevutwa. Kanuni ya jumla ni kwamba taa nyekundu ina maana ya kusimama, na ya manjano ina maana ya kwenda kwa fundi mapema.

Taa ya oili, yenye picha ya birika linalodondosha tone, ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi hudhani inaonyesha kiasi cha oili. Katika magari mengi ya zamani inaonyesha presha. Swichi yake huzima taa presha inapopita takriban bar 0.3 hadi 0.5, wakati injini nzima ikiwa kwenye mwendo huwa na bar 2 na zaidi. Maana yake ni kwamba taa ikiwaka barabarani, presha imekwisha karibu yote, na beringi zinaanza kusuguana chuma kwa chuma. Injini izimwe mara moja, si baada ya kufika kituoni. Oili ipimwe na ijazwe. Taa ikibaki baada ya kujaza, gari livutwe.

Taa hiyo ikipepesa injini ikiwa ya moto na mwendo wa chini, kisha ikazima ukikanyaga mafuta, kuna mambo matatu: oili ni nyepesi mno au imechakaa, beringi au pampu zimelika, au swichi yenyewe ni mbovu. Fundi anayesema injini ishushwe aulizwe kwanza kama amefunga geji ya presha mahali pa swichi na kusoma bar. Kazi hiyo ni ya dakika chache na huokoa fedha nyingi.

Taa ya betri ina maana kuwa alteneta haichaji. Sababu huweza kuwa brashi, waya au belti. Katika injini nyingi za zamani belti hiyohiyo huzungusha pampu ya maji. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka na geji ya joto ikaanza kupanda, simama: belti imekatika, na dakika chache zinatosha kupinda hedi.

Taa ya breki ikiwaka hendibreki ikiwa chini, mafuta ya breki yamepungua. Ama yanavuja, ama pedi zimelika na mafuta yamefuata pistoni. Kujaza bila kutafuta sababu ni kuficha ugonjwa.

Katika Hiace na Hilux za dizeli kuna taa mbili za ziada. Moja ni ya maji kwenye filta ya dizeli, ambayo hutaka filta imwagwe maji kabla pampu ya dizeli haijaharibika. Nyingine huandikwa T-BELT, na katika mengi ya magari hayo huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha kubadilisha taiming belti. Taa hii huhesabu kilomita tu, nayo huweza kurudishwa sifuri bila belti kuguswa. Belti ikikatika katika injini hizo, pistoni hugonga valvu. Mnunuzi asiyeonyeshwa uthibitisho wa belti kubadilishwa ahesabu belti mpya ndani ya bei.

Taa ya cheki injini huonyesha hitilafu ya umeme wa injini. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazihitaji kompyuta kusomwa. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fundi umeme huunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, huwasha swichi, na taa hupepesa namba. Mipepeso miwili, pumziko, mipepeso miwili ni 22, yaani kihisi cha joto la maji. Namba 21 ni kihisi cha oksijeni, 41 ni kihisi cha throto, na 52 ni kihisi cha kunoki. Mipepeso ya haraka isiyo na pumziko ina maana hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kazi hii ifanywe na anayejua matundu hayo, kwa kuwa kuunganisha pasipo penyewe huweza kuunguza vifaa. Magari ya baadaye husomwa kwa mashine. Marekani ilifanya soketi ya aina moja kuwa lazima kuanzia magari ya mwaka 1996, lakini baadhi ya magari ya soko la ndani la Japani yana soketi inayofanana na bado hayasomeki kwa kila mashine.

HILA ZA SOKONI

Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka. Balbu huweza kuondolewa, kufunikwa kwa gundi nyeusi, au waya wa cheki injini kuunganishwa na wa taa ya oili ili zizime pamoja. Kwa hiyo tazama kama kila taa inawaka kwa swichi, na kama zinazima kila moja kwa wakati wake.

Injini iliyooshwa ikang'aa asubuhi ya mauzo haina uvujaji kwa saa moja tu. Omba gari litembezwe nusu saa, kisha litazamwe chini. Oili nzito kupita kiasi, au dawa ya kunenepesha oili, hutuliza mlio wa beringi na kuzima taa kwa siku chache. Betri iliyochomolewa hufuta namba za hitilafu, na taa hurudi baada ya mnunuzi kufika nyumbani.

HESABU YA MNUNUZI

Tuchukue mfano. Gari linaombwa Sh 6,000,000, nalo lina moshi wa bluu na taa ya oili inayopepesa. Jingine la aina hiyo, lenye injini nzima, linauzwa Sh 6,500,000. Tuseme injini nyingine na ufundi ni Sh 1,800,000, na gari litasimama siku 7 kwa hesabu ya Sh 25,000 kwa siku, yaani Sh 175,000. Gari la kwanza limefika Sh 7,975,000. Lililoonekana rahisi limekuwa ghali kwa Sh 1,475,000.

Kinyume chake, uvujaji mdogo usimfukuze mnunuzi. Umpe hoja ya kupunguza bei. Gasketi ya kava ya valvu, nati, filta au swichi ni mambo ya siku moja. Sili za mbele zihesabiwe pamoja na taiming belti. Sili ya nyuma ihesabiwe pamoja na ufundi wa giaboksi. Gasketi ya hedi, ringi na beringi zihesabiwe kama injini nyingine, au gari liachwe.

Hesabu ya pili ni ya kuendesha. Teksi inayokwenda kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutembea kilomita 3,900. Ikipoteza lita moja kila kilomita 1,000, itahitaji karibu lita 4 kwa mwezi. Kwa bei ya mfano ya Sh 12,000 kwa lita, ni kama Sh 47,000 kwa mwezi. Fedha hiyo inavumilika. Lisilovumilika ni kusahau: katika siku 10 bila kujaza, gari hilo litakuwa limepoteza lita moja na nusu, nusu ya oili yote.

Hapo ndipo mwenye gari anapopaswa kumtazama dereva wake. Dereva anayetakiwa kuleta hesabu kila jioni ana sababu ya kutosimama taa nyekundu inapowaka saa 11 jioni. Hasara ya injini si yake, lakini upungufu wa hesabu ni wake. Wenye magari makini huweka masharti mawili mapema: oili ipimwe kila asubuhi na kuandikwa kwenye daftari, na siku ambayo dereva amesimamisha gari kwa taa nyekundu, hesabu ya siku hiyo haidaiwi. Sh 25,000 zinazosamehewa ni ndogo kuliko Sh 1,800,000 za injini.

MPANGO WA UKAGUZI

Kwa ufupi, mnunuzi afuate mpangilio huu: afike injini ikiwa baridi, apime oili na atazame mfuniko na maji ya rejeta, awashe swichi na kuhesabu taa, apige stata na kutazama moshi, aendeshe nusu saa, ikiwemo mlima, aache injini ikiunguruma polepole ikiwa ya moto na kutazama taa ya oili, kisha atandike boksi chini na kusubiri. Ukaguzi wote hauzidi saa mbili. Muuzaji anayekataa saa hizo mbili amekwisha kujibu swali, na fedha ibaki mfukoni hadi gari jingine lipatikane.